Kikombe cha Bi Raheli

Katika soko la Jumatano la Ibra, Omani, lile la wanawake ambamo mwanamume hatii mguu, hakuna aliyechanganya udi kama Fakhriya binti Mahrous. Aliyetaka wa biharusi, wa kufukizia nguo za sikukuu, au wa kuondoa harufu ya ugonjwa chumbani, alimwendea yeye. Mkono wake ulikuwa mwepesi na moyo wake mzito. Mkono wateja waliujua. Moyo aliujua mwenyewe, na ndani yake alikuwa amemweka mtu mmoja kwa miaka kumi na miwili, akimpangusa vumbi kila siku asije akamsahau. Mtu huyo alikuwa shangazi yake, Bi Azza.

Wako watakaosema kisasi hakifai. Waseme. Hawakuwapo siku ile.

Fakhriya alizaliwa Tabora. Baba yake alikuwa Mwarabu wa Ibra aliyekwenda bara kuuza nguo, akamwoa Raheli, binti wa Kinyamwezi, Mkristo wa kanisani hasa, akamwacha na dini yake kama sheria inavyoruhusu. Katikati ya miaka ya sabini akarudi Omani na mtoto peke yake, akiahidi kwamba mama atafuata. Mama hakufuata. Bi Azza, dada wa baba, aliyezaliwa Unguja na kuamini kuwa dunia inaishia Unguja, alisema hakai nyumba moja na mtu wa bara, tena Mnasara. Baba alinyamaza, na baada ya miaka michache akafa akiwa bado amenyamaza.

Fakhriya alikuwa ameondoka Tabora na kitu kimoja cha mama yake, nacho ni Zaburi. Bi Raheli hakuwa msomaji, lakini ile ya mchungaji aliijua kwa moyo, na alimfundisha mwanawe wakitwanga: unaniandalia meza na adui zangu wanaona, umenipaka mafuta kichwani, na kikombe changu kinafurika. Baba hakukataza. Zaburi aliteremshiwa Nabii Daudi, alisema, na Nabii Daudi ni wetu sote.

Mwaka 1994 Fakhriya, sasa mke wa Yaqoob na mama wa Manar, alimtumia mama yake tikiti. Bi Raheli akaja na vitenge vyake, na karanga, na Kiswahili chake cha Tabora kisicho haraka. Baada ya Idi Bi Azza akaleta salamu: mlete wifi yangu tunywe kahawa. Fakhriya akafurahi, mjinga wa watu. Alidhani umri umemlainisha shangazi yake.

Ukumbi ulijaa wanawake wa ukoo. Bi Azza akamkalisha mgeni katikati, akamsogezea sinia la halua na tende, kisha akafanya jambo ambalo hakuwa akimfanyia mtu. Aliupokea mdila wa kahawa kutoka kwa mtumishi ili atie mwenyewe. Sasa, kila aliyelelewa Ibra anajua kahawa hutiwaje. Hutiwa kidogo tu, chini ya kikombe. Mgeni hunywa, akatiliwa tena, mpaka mwenyewe akitikise kikombe kuonyesha kwamba yatosha. Kikombe kikijazwa mpaka mdomo, mgeni ameambiwa anywe hicho aondoke na asirudi. Hakuna anayelitamka neno hilo kwa ulimi, na ndiyo maana halina kinga.

Bi Azza alijaza. Kahawa ilipanda mpaka mdomo, ikamwagikia vidole vya Bi Raheli. Bi Raheli alikipokea kwa mikono miwili, akakinywa chote, akatabasamu.

"Ahsante sana, wifi yangu," akasema. "Kikombe changu kinafurika."

Mwanamke mmoja akaficha mdomo kwa ushungi. Mwingine, mke wa Marhun wa duka la vitambaa, hakujisumbua kuficha. Alicheka mpaka mabega yakatikisika. Bi Azza akaamuru chetezo kiletwe, maana huku ukishafukizwa udi hakuna kukaa, akampaka wifi yake uturi kichwani kwa haraka ya mtu anayefunga mlango.

Garini Bi Raheli alilia kwa furaha.

"Mwanangu, leo Zaburi imenitimia," alisema. "Meza nimeandaliwa. Mafuta nimepakwa. Kikombe kimefurika. Kumepungua adui tu wa kutazama, na mimi pale sikumwona hata mmoja."

Fakhriya alikuwa akiendesha. Aliyakaza macho barabarani asimtazame mama yake, na hakumwambia, siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Angemwambiaje? Bi Raheli akarudi Tabora na heshima yake ya uongo, akaisimulia kanisani, akaisimulia sokoni, na alipofariki, mwaka wa tisini na saba, binamu mmoja alipiga simu kutoa pole, akasema marehemu alikuwa akikitaja kikombe cha wifi yake mpaka siku ya mwisho. Fakhriya akaweka simu chini, akaapa. Wahenga walishasema: akutendaye mtende, mche asiyekutenda.

Mwanzoni hasira yake ilimpata hata Nabii. Aliona Zaburi ndiyo iliyompumbaza mama yake. Bila maneno yale, Bi Raheli angetazama uso wa yule mwanamke, angeuona ulivyo, angeinuka na heshima yake. Basi Fakhriya akaacha kuisoma, hata moyoni. Hali hiyo ilidumu mpaka alipokaa na Hamda.

Hamda alikuwa Mbedui wa upande wa Sinaw, mwenye barakoa iliyochakaa na mbuzi wengi, aliyekuja Jumatano kununua udi na kukaa kuliko haja. Siku moja soko lilikuwa baridi, maneno yakaletana, na Fakhriya akajikuta amemsimulia kwa Kiarabu habari yote, Zaburi na kikombe. Hamda hakumpa pole wala hakusikitika. Aliuliza.

"Huyo Nabii Daudi si alikuwa mchunga mbuzi?"

"Alikuwa."

"Na alikimbizwa?"

"Na mfalme. Akajificha majangwani."

"Basi namjua," Hamda akasema. "Sikiliza. Kwetu mtu anayewindwa akiingia hemani mwako akala chakula chako, shingo yake imekuwa shingo yako. Wale wanaomwinda hawaingii. Watasimama nje na silaha zao, wanuse nyama, wamwone anavyotafuna. Hiyo ndiyo meza yake, mbele ya adui zake. Mama yako alidhani ni karamu."

"Si karamu?"

"Ni karamu. Lakini utamu wake uko kwa wale wa nje, wanaotazama."

Fakhriya aliacha kupima udi. Akauliza kuhusu kikombe, maana pale ndipo palipokuwa na jeraha.

"Kahawa ya kujaa ni tusi, hilo unalijua," Hamda akajibu, akafikiri kidogo. "Lakini zama zake kahawa ilikuwako?"

"Haikuwako."

"Basi ni maji, au maziwa. Mtu amekuja mbio kutoka jangwani, ulimi umekauka, umtilie nusu kikombe? Huyo hujaziwa mpaka yamwagike mchangani, ajue kwamba ameingia kwa watu. Mama yako alikifahamu kikombe sawasawa. Aliyekosea ni aliyetia."

Tangu ile simu Fakhriya hakuwa amecheka kicheko cha kutoka tumboni. Siku hiyo alicheka. Mama yake hakuwa mjinga, na Nabii hakusema uongo. Kilichokosekana pale ukumbini ni kitu kimoja tu, na Bi Raheli mwenyewe alikwisha kukitaja garini: adui wa kutazama. Mcha Mungu angeipokea tafsiri hiyo akalala usingizi. Fakhriya aliipokea kama mtu anayerudishiwa kisu chake kimenolewa.

Alingoja. Na dunia ina vitimbi, kwani mwaka 2006 Manar, aliyekuwa akisoma ualimu Nizwa, alimpenda kijana, na kijana huyo akawa Adil, mjukuu wa Bi Azza. Adil hakutaka mwingine. Bi Azza, ambaye duniani hakubakiwa na apendacho kuliko mjukuu huyo, ilimlazimu aje kuposa mwenyewe, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Aje wapi? Nyumbani kwa binti wa Raheli, akae, atiliwe kahawa.

Yaqoob alimsihi mkewe asamehe kwa ajili ya Mungu.

"Mungu ana waja wengi," Fakhriya akamjibu. "Mimi nilikuwa na mama mmoja."

Manar alikuja jikoni, akakaa juu ya gunia la mchele. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alikitumia kwa mama yake kila alipotaka jambo zito.

"Mama, kikombe ile ya bibi, mimi nakumbuka. Nilikuwa pale, mdogo, lakini nimeona. Mimi pia sipendi Bibi Azza, wallahi. Lakini ukijaza, wao wataondoka, khalas, hakuna harusi. Adil hana kosa. Utafukuza mimi, si yeye."

Usijaze, Fakhriya, alijiambia, na mama yako atabaki kichekesho cha ukumbi ule milele. Jaza, na binti yako atakulaani kimya kimya kila atakapomwona Adil akiwa mume wa mwingine. Bi Azza alikuwa amemfungia pande zote bila hata kujua. Kwa siku kadhaa Fakhriya alichanganya udi vibaya, wateja wakarudisha.

Siku ya posa aliandaa sinia ambalo Ibra ingelizungumza: halua ya zafarani, tende za khalasi, matunda, mikate ya ufuta ya Kiunguja, na karanga za kukaanga za Tabora katikati kabisa. Wanawake wa ukoo wakaingia, wengi wao wale wale. Mke wa Marhun alikuwamo, amenenepa. Bi Azza akaja wa mwisho kwa mkongojo wake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo humu ndani?"

"Hatujambo. Karibu ukae."

Akamkalisha palepale katikati. Wakala, wakaulizana hali, posa ikasemwa kwa maneno yake mazuri. Kisha Fakhriya akauchukua mdila. Bi Azza hakumtazama usoni, aliutazama mdila, na hapo Fakhriya akajua kwamba mwanamke huyu hakusahau hata kidogo. Alifurahi kwa hilo. Kisasi kwa aliyesahau ni kazi bure.

Hakuanza na wageni. Kwa kosa la adabu lililofanya watu wakae sawa, alimwendea binti yake kwanza. Akamtilia Manar mpaka mdomo, kahawa ikamwagika mkononi mwake. Manar akawa mweupe midomo. Halafu akajijazia chake mwenyewe, vivyo hivyo, akakinywa wima mbele yao.

"Wageni wangu," akasema, "nyumba hii ina ada yake. Alituachia mama yangu, Raheli wa Tabora, ambaye wengi wenu mlimwona mara moja. Yeye aliisoma katika maneno ya Nabii Daudi. Humu, mtu tunayemfukuza hatumtilii kitu. Tunayemtaka awe wetu tunamjazia mpaka kifurike. Binti yangu nimemjazia, na simfukuzi. Anayemtaka binti yangu atakunywa anavyokunywa yeye."

Akamgeukia Bi Azza, akajaza.

Kahawa ikamwagikia zulia. Mlango ulikuwa wazi, angeweza kuinuka. Lakini akiinuka ameikataa posa kwa mguu wake mwenyewe, na Adil hatamsamehe. Akinywa, anakunywa kile alichomtilia Bi Raheli. Bi Azza alikitwaa kikombe, kahawa ikamchirizikia kwenye kiganja mpaka ndani ya mkono wa nguo. Alikunywa polepole, wote wakimtazama. Mke wa Marhun aliinamia zulia kama aliyepoteza sindano.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Azza.

"Alhamdulillahi," Fakhriya akaitikia. "Lakini mama yangu aliongeza neno, shangazi. Ukumbini kwako. Unalikumbuka?"

Bi Azza alimtazama Manar, ambaye machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Alimtazama mama yake Adil. Mwisho akamtazama Fakhriya, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuwa akijua siku nyingi kwamba ataulizwa.

"Kikombe changu kinafurika," akasema.

"Basi binti ni wenu," Fakhriya akasema. Vigelegele vikapigwa, vya kweli na vya kujiokoa, na Manar akakumbatiwa huku na huku. Fakhriya alisubiri moyo wake utulie, kama wanavyosema hutulia mtu akishalipa. Haukutulia. Ulijaa raha, raha ya moto na isiyo na haya, na alitamani Hamda angekuwapo aione.

Katika kelele zile Bi Azza aliinua kikombe kitupu, akakitikisa, kama ada, kwamba sasa yatosha. Akakitikisa tena, maana mwenye mdila alikuwa karibu yake na macho yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

Fakhriya aliona. Akamjazia cha pili.