Hodi ya Tatu

Ghorofa ya tatu ya hoteli ninayosafisha hapa Alexandria kuna picha ukutani: kilima, nyumba za mawe zilizobanana kileleni, na mnara wa kanisa. Wageni huipita wakiburuta masanduku yao. Mimi kila nikiifikia na toroli langu la mashuka, nasikia harufu ya kuku.

Ngoja nikueleze polepole.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama mdogo alikuwa mtawa huko Italia, katika abasia ya wale watawa wasiotoka nje, na nyanya hakuwa amemwona tangu alipoweka nadhiri. Nyanya alikuwa akiishi nasi Germantown, huku huku ughaibuni, si mbali na hapa Alexandria. Mwaka huo alisema anataka kumwona mwanawe kabla magoti hayajamkatalia. Mama alikuwa na zamu zake za uuguzi, kwa hiyo tukaenda watatu: nyanya, mimi na mjomba, dereva wa teksi, ambaye tuliambiwa hawezi kupotea.

Ruhusa ya kumwona ilikuwa ya siku moja tu, Jumapili, mwisho saa sita mchana. Kesho yake tulikuwa na ndege ya kurudi.

Shida ya kwanza, sanduku la nyanya halikufika. Ndani yake kulikuwa na unga, maharagwe na majani ya chai. Asubuhi ya Jumapili, katika gari la kukodi, alirudia neno moja: "Nitaingiaje kwa mwanangu mikono mitupu? Mikono mitupu mtu huenda nayo polisi."

Shida ya pili ilikuwa mjomba. Sehemu ile kila kilima kina mji wake, kila mji una ukuta, mnara na kengele, na kwake vyote vilifanana. Simu ilimwambia apinde kushoto, akaijibu, "Wewe umezaliwa juzi." Nyanya akamwambia aulize watu.

"Mama, dereva wa teksi haulizi njia. Huulizwa."

Kilima cha kwanza kilikuwa na ngome. Tulipanda ngazi za mawe zilizolika katikati kama kipande cha sabuni, tukapita vyumba baridi vyenye mikuki, mjomba akitueleza kwamba watawa hupenda utulivu. Juu hapakuwa na mtawa. Palikuwa na njiwa. Nyanya alichungulia tundu la kurushia mishale, akauliza, "Hawa walikuwa wanamwogopa nani hivi?"

Chini ya ngome bikizee mmoja alikuwa akilisha kuku. Nyanya alisimama. Hakujua neno la Kiitaliano, wala yule hakujua letu, lakini walielewana kwa mikono upesi kuliko mjomba na simu yake. Nyanya alivua leso yake begani. Yule bibi akaipapasa pindo, akaingia bandani. Tukaondoka na kuku mwekundu, na mimi ndiye niliyempakata.

Kilima cha pili nacho hakikuwa chenyewe. Mjomba aliingiza gari katika kichochoro kilichojengewa punda, vioo vyote viwili vikagusa ukuta. Tukarudi kinyumenyume hadi langoni, watu wakitutazama madirishani, kuku naye ametoa kichwa akiwatazama. Pale langoni nyanya akateremka na picha ya mama mdogo, akamwonyesha muuza mikate. Muuza mikate akanyoosha kidole. Mjomba alikuwa akikagua gurudumu lisilo na tatizo.

Tulifika abasia saa sita imeshapita. Mlango umefungwa. Mjomba akavuta kamba ya kengele, kimya. Akavuta tena.

"Wamefunga, Mama," akasema kwa sauti ndogo. Alijua nani ametuchelewesha.

"Kengele ni ya shule," nyanya akasema. "Kwa mtu hupigwa hodi."

Na hodi, kama nyanya alivyotufundisha, ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unaondoka bila kinyongo. Nyanya akapiga ya kwanza. Ukuta ule ulikuwa mnene. Akapiga ya pili, akaitikia kuku. Kisha akanigeukia, mlima umemmaliza pumzi. "Malizia wewe."

Mimi, ambaye darasani niliomba ruhusa ya kwenda choo kwa kuandika kikaratasi. Nilimbana kuku kifuani, nikafumba macho, nikapiga hodi hadi njiwa wakaruka juu ya paa.

Nyanya akaanza kujifunga vizuri leso ambayo hakuwa nayo tena. Ndipo kutoka ndani kabisa, nyuma ya mawe yale yote, ikaja sauti: "Karibu! Karibuni!" Na miguu ikikimbia, jambo ambalo nadhani watawa hukatazwa.

Tulionana kupitia wavu wa chuma. Nyanya alilia na mama mdogo akacheka, kisha wakabadilishana. Kuku hakuweza kupita wavuni. Lakini ukutani kulikuwa na kabati la kuzunguka, ambalo watawa hupokelea vitu bila kuonekana. Tukamweka humo, mjomba akalizungusha, na safari hiyo alipinda upande sahihi. Tulisikia vicheko vya wanawake wengi. Kabati likarudi na biskuti.

Kumbe watawa wale hawali nyama. Kuku akaishi akitaga, na barua za mama mdogo zikawa zinaanza na habari za kuku kabla ya habari zake mwenyewe.

Nyanya hayupo sasa. Watawa walizeeka wakabaki wachache, mama mdogo akahamishiwa nyumba nyingine, na nasikia abasia ile inalaza watalii. Bila shaka kuna mtu kama mimi anayebadilisha mashuka. Huku kwetu anayekuja kunitembelea huandika kwenye simu: niko chini.

Kazini tunatakiwa kubisha mara tatu kabla ya kufungua chumba. Mara mbili natamka kama nilivyofundishwa, kwa Kiingereza. Ya tatu nasema hodi, kwa sauti ya chini. Mpaka leo nimeitikiwa mara moja tu, na mbwa wa mgeni. Nilimwambia ahsante, nikaingia.