Mayi ya anniversaire mu depo ya essence

Bon, nitabaelezea, mais mutu asicheke mbele nimalize, juu hii mambo hata mimi nikiikumbuka nikiwa mu barabara nafunika uso na kitenge, najifanya vumbi imeniingia mu macho. Kuna batu hapa Butembo benye hawanijue jina, mais sura yangu banaijua muzuri sana, na munaenda kusikia ni juu ya nini. Ile haya niliitafuta mimi mwenyewe.

Kazi yangu ni ya usalama. Depo yetu iko pembeni ya muji, pale malori inafika na essence (petroli) na mazout (dizeli), inamwanga mu matanki makubwa, kisha batu ba station banakuja kuchukua. Na mimi pale kati niko mutu wa kukataza. Hapana simu karibu ya tanki, hapana sigara, hapana kuleta makaa ya kuchoma mahindi (kuna mutu alijaribu!), shofere azime moteur, aweke kipande cha muti chini ya tairi, aunganishe lori na udongo na waya wa chuma, cheche isiruke, mbele ya kufungua kitu yoyote. Kutwa muzima niko nasema hapana, na jioni nikifika ku nyumba sina mutu wa kusema naye hata moja.

Jina langu ni Kahindo. Mais kule depo hakuna mwenye alikuwa ananiita Kahindo, banasemaka tu "Sécurité". "Sécurité anakuja!", na masolo, ile mazungumuzo yao, inakatika, kila mutu anashika kitu mu mukono ili aonekane iko na kazi. Mimi ni mutu wa Beni, commune ya Ruwenzori, mama na bandugu yangu bote biko kule, na ile njia ya Beni munaijua, na batu ba bunduki mu pori, hapana njia ya mutu kusema leo naenda kula kwa mama, kesho narudi. Donc hapa nilikuwa na chumba, na jiko, na redio. Siku ya Mungu naenda ku kanisa, naimba pembeni ya batu benye sijue majina, narudia. Niseme tu wazi, nilikuwa mupweke. Mupweke wa kujibu redio. Ile mutu ya redio akisema "habari za asubuhi", mimi, na muswaki mu kinywa, namujibu "muzuri, na yako?"

Sasa, ile siku ilikuwa anniversaire yangu, siku ya kuzaliwa. Sikuambia mutu. (Mama anasemaka ndio ugonjwa yangu tangu utoto: nataka kitu, nanyamaza, kisha nakasirika juu habakunipa.) Nilipoamka nilijiambia: Kahindo, kama leo jua inashuka na hakuna hata mutu moja mu hii Butembo amekukumbuka, unaenda kwa patron wa depo, unaomba akuachilie urudi kwenu, kwisha. Na juu nilijijua, juu najua niko mwepesi wa kugeuza mawazo, nilipofika nilimuambia patron palepale, "Patron, jioni niko na neno moja ya kukuambia." Akaniangalia yulu ya miwani. "Neno muzuri ao mubaya?" Nikajibu, "Ni neno tu."

Kitu ingine munapashwa kujua: asubuhi ile kulikuwa baridi, ile baridi ya Butembo yenye inapanda mu mifupa, na mimi sikuwa na roho ya kujitengeneza. Nikaacha pijama mu mwili, nikavaa salopette, ile nguo nzima-nzima ya kazi, yulu yake. Pijama ya rangi ya rose, na picha ya basungura, niliinunua ku soko mu mitumba ya Bulaya. Nani ataona?

Ku midi, saa sita, batu ba kazi banaendaka kula pamoja mu kibanda kimoja nje ya clôture, ule ukuta wa depo, fufu na lengalenga, siku ingine makayabo, samaki ya chumvi. Mimi sikuwahi kwenda, hakuna mwenye aliniita. Mais ile siku Masika, caissière yetu wa kupokea feza, alikuwa anasemezana chini chini na Kambale, ule kijana wa kupakua malori, nikakaribia, bakanyamaza kama kawaida, kisha Masika akanigeukia na macho ya kucheka-cheka, akasema, "Sécurité, leo utakula na siye?"

Ona sasa. Tangu nifike ndio mara ya kwanza. Roho yangu ilipiga ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kinywa yangu, hii kinywa, ikajibu, "Hapana, niko na kazi." Juu nilisema mu roho: bananihurumia, ao banataka kunicheka. Masika akasema "ah, bon", bakaenda. Kama ningesema ndiyo tu, hakuna kitu ingetokea, ningekula fufu yangu, na leo hamungekuwa munanisikiliza hapa.

Nikabaki peke yangu na matanki. Nilianza kuzunguka, naangalia valve yenye nilikwisha kuangalia, nafungua sanduku ya muchanga, nafunga, nahesabu ma-extincteur ya kuzima moto yenye hesabu yake najua hata nikilala. Lori moja ilikuwa pale inangoja kupakua, shofere analala mu cabine, miguu nje ya dirisha. Kulikuwa kimya. Nilisikia hata masauti ya bale benzangu kule kibanda, banacheka, na machozi ikanijia, mimi mutu muzima, ninasimama mbele ya tanki ya essence nalia polepole ili nisiharibishe uso.

Ndipo kitu ikanimwangikia ku kichwa.

Nyingi! Kutoka ku nywele mupaka mu bote, baridi, na harufu ya essence mu pua. Nikageuka, naona Kambale na bidon ya rangi ya jano mu mukono, kinywa wazi. Sasa weye uliza mutu yoyote wa kazi yetu: umesimama pembeni ya tanki, umemwangiwa na bidon, unasikia harufu, utafikiri nini? Utafikiri mayi? Nikalia na sauti yangu yote: "Essence! Essence! Kila mutu mbali! Kambale, muuaji weye, umeniua!" Nikakimbia, nikavuta sirene.

Ile sirene, bandugu, haikupataka kulia ya kweli hata siku moja. Ililia! Shofere akaruka kutoka cabine na kiatu kimoja, sijui alipita wapi, tulimuona tu iko ngambo ya barabara. Sentinelle wa mulango akafungua mulango mukubwa. Na nje, munajua siye batu ba huku, kelele kubwa ikilia hakuna mwenye anaulizaka ni ya nini: mama wa mikate aliacha beseni yake chini, bamotari bakageuza mapikipiki, maboutique yote ya ule mustari ikafungwa pa! pa! pa!

Na mimi? Mimi nilifuata kanuni. Kila juma nabafundishaka: essence ikikumwangikia, haya weka pembeni, tosha nguo mu mwili mara moja, kimbia ku douche ya usalama, vuta munyororo, mayi itashuka. Basi nikatosha. Salopette chini, na basungura bakatoka inje, mbele ya Kambale, mbele ya Masika, mbele ya bote benye banakimbia. Nikafika ku douche, nikavuta munyororo. Ikatoa tone. Nikavuta tena. Tone ingine, na ikanyamaza. Nyuma yangu Masika anakimbia, anashika sahani ya unga wa muhogo mu mukono, analia "Sécurité, ni mayi! Ni mayi!", na mimi namujibu, "Ndiyo, leta mayi, leta!", nikageuka kwa nguvu, tukagongana, na ule unga wote ukaniishia ku kichwa.

Hivyo ndivyo nilitoka mu mulango mukubwa wa depo yetu: niko na pijama ya basungura, nimelowa, niko mweupe kama mukate mubichi. Na juu nilikuwa bado mukubwa wa usalama, nilisimama pale ngambo ya barabara, pale tunakutanikaka hatari ikiingia, nikaanza kuita majina ya batu ba kazi moja moja. Muhindo! Niko. Masika! Niko. Paluku! Niko. Unga inaingia mu kinywa, mais nikaita bote. Kambale nilimuacha mwisho. "Na weye muuaji, uko?"

Akakuja mbele, bidon bado mu mukono. Hakukuwa anacheka. "Niko," akasema. "Sécurité, ni mayi. Nusa mukono yako muzuri."

Nikanusa. Nikalamba. Mayi. Mayi ya Butembo yenye baridi, na harufu kidogo ya essence juu ile bidon ilibebaka essence zamani, habakuiosha muzuri. Robinet ilikuwa haina mayi tangu asubuhi, donc bakaenda kuchota mu pipa ya douche ya usalama. Yote.

"Bonne fête," Kambale akasema, na sauti ya mutu mwenye iko ku kilio.

Munajua desturi yetu, mutu akiwa na anniversaire batu bake banamumwangia mayi, banamupaka unga, banaimba. Hawamumwangiake mugeni. Banamumwangia mutu wao. Na mimi sikuwaza hiyo hata kidogo, juu sikuwa najihesabu mutu wa mutu.

Masika akanisogelea, akaanza kunipangusa unga ku macho na kitenge yake. "Ni mama yako alipiga simu ku bureau jana," akasema. "Akatuomba. Akasema mutoto wangu hasemaka kitu, mimi sina njia ya kufika, mumumwangie mayi pa nafasi ya mukono yangu. Tulitaka kukumwangia kule ku kibanda, ukakatala kuja."

Nikalia, bandugu. Pale pale mu barabara. Na shofere wa kiatu kimoja ndio alianza kucheka, kisha mama wa mikate, kisha barabara yote, na bamotari banapiga mahoni. Hao bote bacheke, ni haki yao. Mais Kambale hakucheka. Aliniambia polepole, "Umeniita muuaji mbele ya batu," akaweka bidon chini ku miguu yangu, akaingia kazini. Benzake bakamufuata. Gato, keki ya anniversaire yenye Masika alipika, ilibaki mu bureau na kitambaa yulu yake, hakuna mwenye aliikata.

Patron alifika na kasirani. Akauliza nani alimaliza mayi ya douche, akasema kuanzia ile saa anniversaire ni marufuku mu depo yake, "na Sécurité ndiye atabaambia." Na alikuwa na haki, juu kama ingekuwa essence ya kweli, na douche haina kitu, mimi leo singekuwa nasimulia. Donc hata ile, ilikuwa ni mimi wa kwenda kusema hapana.

Jioni nikaingia mu bureau yake. Neno langu lilikuwa tayari, nilikuwa nalo ku ulimi: niachilie nirudi Beni. Kupitia dirisha niliona benzangu banatoka, Kambale mbele, hakuna mwenye aligeuka kuniangalia. Patron akavua miwani. "Ulisema uko na neno."

"Ndiyo, patron. Naomba pipa ya pili."

"Ya nini? Ile ya douche nitaijaza kesho."

"Ile ibaki ya douche, na mutu akiigusa nitamufukuza mimi mwenyewe. Ya pili tuiweke nje ya clôture, ku kibanda, na kopo safi. Ya anniversaire."

Akarudisha miwani ku macho. "Ndio lile neno la asubuhi?"

"Ni lile," nikasema.

Kambale nilimuomba musamaha mu kibanda, pembeni ya ile pipa ya pili, mbele ya batu bote, vile nilimutukana mbele ya batu bote, na akakaa siku mingi sana mbele ya kunisemesha, na sikumulaumu. Lakini niliapa kitu moja: mutu akiniuliza kama nitakula naye, najibu ndiyo mbele amalize kusema, hata kama nimeshiba. Na siku yenye hakuna mwenye ameniuliza, nachukua sahani yangu, naenda, nauliza mimi. Kuuliza kunanipa haya kushinda yote yenye nilipata mu ile barabara. Mais nauliza.