Gitaa Isiyopasuka

Gitaa ya zamani ya kwaya yetu ilikuwa ya mbao, na kila msimu wa mvua ilipasuka. Fundi wa vitanda aliichukua, akaibandika kwa kole, gundi yake ya mbao, nami mpigaji nikapumzika wiki mbili nzima. Kwaya iliimba kwa ngoma tu, na hakuna aliyelalamika.

Kisha dada yangu akanitumia kutoka Ulaya ukulele ya tenor: gitaa ndogo ya kamba nne, nyeusi, mwili wake si wa mbao bali wa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Prezida wa kwaya aliigonga tumboni akitafuta mchwa, kama tunavyogonga kila kitu hapa Kasongo.

"Hii haitaoza hata siku moja," alisema.

Nilifurahi pamoja naye. Nilikuwa mjinga.

Tangu hapo sijakosa matanga hata mara moja. Mvua ikinyesha, jua likiwaka, iwe Lusangi au mbali hadi Salamabila, napakiwa kwenye pikipiki, ukulele mgongoni. Sauti yake ni nzuri, sikatai, lakini vidole vyangu vimechoka na nyimbo za kuzika watu.

Jumamosi iliyopita, tukienda matangani, pikipiki iliteleza kwenye tope, tukaanguka mimi na dereva, na ukulele ikatumbukia mtaroni. Nilikaa chini nikishika goti, na moyoni, Mungu anisamehe, nikiomba iwe imepasuka. Prezida, aliyekuwa kwenye pikipiki ya nyuma, aliiokota, akaipangusa kwa shati lake, akajaribu kamba moja moja.

"Iko muzima," alisema. "Panda, twende."

Goti langu hakuna aliyeliulizia.