Dalia Yenye Tuliita Muizi

Baaskari balibeba redio, balibeba nguo, balibeba kinga, ile baiskeli ya baba yenye alikuwa anapandaka kila asubui kwenda ku kazi. Mama hakulia. Lakini wakati askari mumoja alivuta mufuko wa dalia chini ya kitanda, mama alimushika muguu.

"Baba askari, ile haiko chakula! Ni mizizi ya maua!"

"Viazi mingi hivi, weye unasema maua?"

Alimusukuma, akatoka anacheka. Pale njo niliona mama analia, amekaa chini ku simenti.

Ilikuwa wakati wa pillage, baaskari banapora muji. Baaskari habakulipwa, baba naye hakulipwa, mvua ilikuwa karibu. Nyumba yetu ilijificha nyuma ya zingine, mugeni hakuweza kuiona. Kuko muntu alibaonyesha njia.

Mbele ya ile siku tuliishi muzuri, hata kama tumbo ilikuwa nusu. Zamani baba alitumika mu jardin, bustani ya muzungu mumoja. Muzungu aliporudi kwao, alimuachia mizizi ya dalia. Mama aliipanda kandokando ya ukuta, na matofali ya kulala upande ili maji isikimbie. Zingine alipanda mu sufuria za kutoboka, mu bidon, zile kopo za rangi, hata mu kiti ya choo yenye kupasuka. Bageni balikuwa bakichekelea ile kiti, kisha banaomba kupigwa foto pembeni yake.

Alitufundisha kumwanga majivu juu ya konokono, kufunga shina ku fimbo na kipande ya kitenge, kukata kichwa ya mumea ingali kidogo.

"Kata, usiogope! Itakasirika, itazaa mingi."

Wakati wa baridi tulichimbua mizizi, tukaikausha ku kivuli, tukaiweka mu mufuko na muchanga mukavu, ingojee mvua. Mama aligawia bajirani rangi zote, isipokuwa moja: nyekundu ya giza yenye ncha nyeupe.

"Hii hapana. Hii iko ya miye na Mungu."

Kweli, aliikataka tu Siku ya Mungu, Jumapili, kwa altare. Kisha ya misa, mwenye kuimbisha kwaya, jirani wetu wa nyuma ya lupango, ule uzio wetu, alikujaka kula bukari, ugali ya mama, kwetu. Mulango wetu aliujua sawa wake.

Basi, kisha ya pillage mvua ilinyesha. Kiwanja ya lupango yetu ilibakia udongo mutupu, mama hakutaka hata kuiangalia. Siku moja alienda kuanika nguo, nikasikia anapiga kelele. Nikakimbia, nikazani ni nyoka. Alikuwa anacheka mupaka anashika lupango asianguke. Kule kwa mwenye kwaya, ku jalala nyuma ya jiko, dalia ilikuwa imesimama murefu: nyekundu ya giza, ncha nyeupe.

"Yaya, dada yangu!" mama aliita bibi, muke wa yule mwenye kwaya. "Viazi yako inatoa maua?"

"Ni... ni upepo ililetaka."

"Upepo! Ilipika kwanza, ama ilitupa mubichi?"

"Ilikuwa chungu, mama," yule bibi alisema, kisha akaziba kinywa na mukono.

Barabara yote ilicheka. Bamama balikuja na mabeseni, balichimbua jalala yote bakiimba, na mama safari hii aligawia kila muntu. Mwaka wenye kufuata ile rangi ilijaa mu kila lupango, na jina yake ilikuwa Muizi. "Mama, Muizi yangu imefungua!" "Ya miye imekuwa kubwa sawa sahani!" Sijaona tena furaha ya vile mu ile barabara.

Lakini baba alitembea ku kazi na miguu mupaka magoti ilimuharibikia, na kinga haikurudia. Mwenye kwaya alilipwa ule mufuko wetu wa "viazi". Kazi gani alifanyia baaskari, hajasema mupaka leo. Angali anaimbisha, nasikia sauti yake. Basi miye namuuliza mbele ya wote benye kusoma: weye, baba, mwenye ulikula ku meza yetu, njo weye ulileta baaskari ku mulango wetu? Jibu. Mama angali muzima, anangojea jibu yako.