Batu Beupe ku Mulango

Tulikuwa wanne katika ile nyumba ya Mususa, hapa Butembo: mimi koko, yaani bibi; mujukuu wangu wa miaka mitano, mutoto wa binti yangu; shangazi yake, dada ya baba yake; na jirani yetu kijana anayepaka rangi nyumba za batu. Majina yao yote ninayo kichwani, hata ya ubatizo, mais siyaandiki hapa.

Shangazi alikuja siku ya Alhamisi na kitenge cha kubebea mutoto. Kesho yake asubuhi angemupeleka ku chumba cha maombi, siku tatu bila chakula wala maji, wamutoe roho chafu. Sababu mutoto alikuwa anaona batu ambao sisi hatuwaoni. Mimi nilimunyamazisha tu. Nilimwambia, "Funga macho, watapita." Hawakupita. Halafu akawaambia wenzake ku shule kwamba batu beupe bila uso banasimama ku mulango wa darasa, na wazazi wakaanza kusema: huyu ni ndoki, muchawi.

"Mama, utamuficha mupaka lini?" shangazi aliniuliza. "Ataanza kula batoto ya wenyewe."

"Huyu? Hata sahani ya sombe hamalizi!"

Hakucheka. Niliinuka nikaangalia sufuria, nikarudi, nikaketi, nikainuka tena. Siku tatu bila maji, na mwili wenyewe ule mudogo! Ni kwa kukosa la kufanya ndiyo nikamuuliza mutoto kile nilipaswa kuuliza tangu mwanzo.

"Beko banafanya nini, bale batu?"

"Banapuliza mulango."

"Na nini?"

"Na pompe, koko. Moja anaibeba ku mugongo. Mayi yake inanuka."

Harufu ile ninaijua. Ku Beni, wakati wa Ebola, nilisimama uwanjani na mutoto huyu mugongoni, wenye kuvaa nyeupe wakitoa mwili wa binti yangu na kupuliza mulango dawa. Mutoto alikuwa hajajua kusema vizuri. Nilifikiri haoni. Tulipohamia Butembo nilimwambia mutoto kwamba mama yake amemufuata baba ku Manguredjipa, kwenye dhahabu, na kila mara akiuliza nilirudilia vile vile. Donc uongo ulikuwa wangu, na mutoto ndiye angelala njaa.

Nilimwita jirani. Wakati ule alikuwa mumoja wa bale ba kuzika batu ba Ebola. Nguo zao zilikuwa zinachomwa, mais moja mupya ilimubakia. Sasa anaivalia kupaka rangi, imejaa madoa ya bluu.

"Koko, unataka nimuogopeshe tena?"

"Vaa mbele yake, polepole. Aone uso unaingia wapi."

Akavaa uwanjani, jua likiwaka. Buti. Nguo. Kofia. Alipofunika mudomo, mutoto alishika kitenge changu. Alipoweka ile miwani kubwa, mutoto alinikojolea mguu.

"Yesu! Unaona, Mama?" shangazi akasema.

Nilikuwa karibu kusema basi, iache. Lakini kijana akatoa miwani, akatoa kitambaa, akatoa na ulimi.

Mutoto akacheka kidogo. "Tena."

Akavaa tena. Mara ya tatu, mutoto mwenyewe ndiye alivuta miwani. Halafu akauliza, "Mule ndani ya nyumba mulibeba nini?"

Kijana aliniangalia. Ilikuwa zamu yangu.

"Mama yako," nikasema. "Hayuko Manguredjipa. Alikufa ku Beni. Mimi nilikudanganya."

Hakulia. Alimugeukia kijana. "Alikuwa muzito?"

"Sijui kama ni mimi nilimubeba. Tulibeba wengi. Mais kila mara tulikuwa batu sita, na tulitembea polepole."

Shangazi alikuwa amekalia kitenge chake. Halafu akasimama, akakikunjua, akamufunga mutoto mugongoni. Nikasema moyoni: anamuchukua. Akaniuliza, "Kaburi liko wapi?"

Ijumaa tulienda Beni, ku kaburi, si ku maombi.

Mutoto angali anaangalia mulango. Siku zingine anasema, "Beko," yaani wako pale. Ninamuuliza ni nani iko ndani ya nguo leo, naye anafikiri. Mimi ndiye silali vizuri.

Shangazi anasema hakukalia kitenge, alikishika mukononi. Kijana hakumbuki kama alisema sita. Ninyi wawili mungali hai: kama nimekosea neno, hata dogo, mukuje muniambie kabla mutoto hajajua kusoma. Uongo mumoja nilimupa tayari, unatosha.