Mbuzi wa Ntheo Niliyekataa Kumla

Sikuwa na ng'ombe.

Sikuwa na baba. Alikufa nikiwa bado natambaa.

Sikuwa na cheti cha shule ya mchana. Elimu yangu niliipata jioni, kwenye darasa la watu wazima pale Kitui mjini, vidole vikinuka mafuta ya cherehani.

Sikuwa na shamba la kumwonyesha mtu, wala redio, wala baiskeli.

Na sikuwa na hamu ya nyama.

Hayo mengine yote watu walinisamehe. Hili la mwisho ndilo lililofanya nipeleke mbuzi kwa wakwe, achinjwe, aliwe mpaka mifupa, halafu niambiwe mbele ya umati kwamba sijaoa.

Ilikuwa mwaka wa 1971. Leo mimi ni mzee, na bado nina hasira. Anayesema umri unapoza kila kitu hajawahi kufanyiwa nilichofanyiwa.

Nianze vizuri.

Kabla ya kuwa fundi wa nguo, niliwahi kuosha sakafu kwenye machinjio. Sitaeleza niliyoyaona huko. Nilipotoka niliacha nyama, na baadaye nikaacha maziwa na mayai, kwa sababu niliona pia ng'ombe wa maziwa anaishia wapi.

Sikumhubiria mtu. Nilikula muthokoi wangu wa mahindi yaliyokobolewa, ndengu zangu, mbaazi, kunde, viazi vitamu. Nilishona suruali zikakaa sawa.

Lakini wapi. Kanisani walisema nimeingia dini ya ajabu. Sokoni waliniita Muhindi.

Na hotelini ndiko nilikoumia zaidi. Fundi anayezunguka masoko na cherehani yake lazima ale nje. Mazungumzo yalikuwa yale yale kila mahali.

"Ndengu zenu zina nyama?"

"Hapana, fundi. Hazina nyama hata kidogo."

Naletewa sahani. Juu yake yanaelea mafuta ya manjano.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni supu tu. Ya kuongeza utamu."

"Supu ya nini?"

"Ya nyama."

"Si umesema hazina nyama?"

"Nyama iko wapi hapo? Si utafute na kijiko."

Hiyo ndiyo ilikuwa akili ya hoteli zote, kuanzia Kanyangi mpaka Kyuso. Supu si nyama. Nilikuwa nalipa, naacha sahani mezani, naenda kununua ndizi.

Sasa ona ujinga wa moyo. Katika wasichana wote wa Ukambani, nikampenda binti wa mwenye bucha.

Aliitwa Mbinya. Baba yake, mzee Mwangangi, alikuwa na bucha pale Kanyangi, na nyuma ya bucha alikuwa na hoteli. Mbinya ndiye aliyekuwa mpishi. Siku ya soko nilikuwa naweka cherehani yangu kwenye veranda ya jirani.

Siku ya kwanza nilimuuliza lile swali langu. Hakucheka. Aliniangalia, akauliza, "Hata supu?"

"Hata supu."

"Hata mwiko uliotoka kwenye nyama?"

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza habari za mwiko.

Tangu hapo akanitengea chungu changu. Chungu kidogo, kimemeguka mdomo, kimewekwa kwenye mafiga yake peke yake. Muthokoi na mbaazi mbichi. Kitunguu kilichokaangwa kwa mafuta ya mbegu mpaka kikawa chekundu. Majani ya kunde yaliyotwangwa. Chapati alizipaka mafuta hayo hayo, si samli. Mandazi yangu aliyakanda kwa maji na sukari, akayatia iliki.

Nilikuwa nakula nikiwa nimefumba macho. Sikuhitaji kukagua. Katika dunia nzima kulikuwa na chungu kimoja tu nilichokiamini, na kilikuwa cha Mbinya.

Kumbukeni hilo mnapoendelea kusoma.

Mzee Mwangangi alijua. Akipita na kisu chake mkononi alikuwa ananiambia, "Fundi, ng'ombe wanakusalimia. Wanasema asante."

Wateja wanacheka. Mimi natafuna.

Tulipomwambia tunataka kuoana, alicheka zaidi. "Sasa nitakupa zawadi gani Krismasi? Nyasi?"

Hakukataa wazi. Lakini kulikuwa na mtu aitwaye Muthama, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Malili, aliyekuwa akimletea Mwangangi mafahali. Muthama alivaa kofia ya ngozi hata kwenye kivuli. Alikuwa na lori. Alimtaka Mbinya, na mzee alimtaka Muthama.

Mwangangi akaniambia, "Leta ntheo, tuone."

Kwa wasiojua: ntheo ndiyo siku mbuzi wa kijana anachinjwa nyumbani kwa kina msichana na pande zote mbili wanamla pamoja. Bila ntheo, mnaweza kuzaa watoto wajaze kanisa, na bado watu watasema hujaoa.

Nilishona nguo za nusu ya Kitui nikapata mbuzi watatu. Nikamchukua mjomba wangu Ndululu, ndugu wa mama, awe mzee wangu. Ndululu hakuwa na jino hata moja, lakini alikuwa na maneno.

Tukafika. Mbuzi mmoja akachinjwa. Moshi ukapanda. Muthama naye alikuwepo, amekaa kwenye kiti kizuri, kofia kichwani, kana kwamba ndiye aliyelipa.

Mjomba Ndululu aliletewa kikombe cha supu, kama wazee wote wasio na meno. Akanywa, akafuta ndevu, akasema, "Mbuzi nimemla." Mwangangi akaitikia, "Umemla, mzee." Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yao.

Mbinya akaniletea bakuli langu la muthokoi, kwa mikono miwili, akainama. Hakuniangalia usoni. Nilidhani ni haya ya siku kama hiyo.

Nilikula nikamaliza. Ulikuwa mtamu kuliko siku zote. Nilidhani ni furaha.

Kisha Mwangangi akasimama. Kwenye ncha ya kisu kulikuwa na kipande cha ini, bado kinatoa mvuke. Akakileta mpaka puani pangu.

"Kula."

"Mzee, unajua sili nyama."

"Siku zingine huli. Leo unakula. Hii si nyama ya hoteli, hii ni ntheo."

"Mbuzi nimemleta. Amechinjwa. Watu wangu wamekula."

"Nani anaoa, watu wako au wewe?"

Muthama akasema kutoka kitini pake, "Labda mjomba ndiye amwoe."

Watu wakaangua kicheko. Mjomba Ndululu akamjibu, "Mimi ningemweza. Wewe kwanza vua kofia tukuone."

Lakini kisu kilikuwa bado puani pangu. Nikasema polepole, kila mtu asikie, "Siwezi kuanza ndoa kwa kutapika. Nikikudanganya leo kwa hiki kipande, utaniamini kesho kwa lipi?"

Nilidhani nimesema neno la mtu mzima. Mwangangi akageuka, akatupa lile ini kwa mbwa.

"Mbwa wangu ameoa," akasema. "Wewe hapana. Fungua mbuzi wako wawili waliobaki uende nao. Huyu tuliyemla tutasema ulikuja kutembea."

Nilipita Kanyangi yote nikivuta mbuzi wawili kwa kamba. Waliokuwa wakinipa nguo nishone walitoka kwenye maduka kuangalia. Mmoja akaniuliza kama nawapeleka kanisani wakabatizwe.

Nilirudi Kitui kwenye veranda ya Hemedi. Hemedi alikuwa na duka la vitambaa na lori la kusambaza chumvi na sukari, na mimi nilikuwa nashona mbele ya duka lake. Wiki hiyo nilivunja sindano nyingi.  Tima, mke wa Hemedi, aliniletea mbaazi za nazi, na hata hizo nilimrudishia.

Ndipo Mbinya akashuka kwenye basi mchana kweupe, akaja moja kwa moja mpaka kwenye cherehani yangu.

"Baba amempa Muthama Jumamosi alete mbuzi wake," akasema.

"Basi hongereni."

"Kiilu, acha hayo. Wewe umeshanioa."

"Baba yako alisema hapana. Ulisikia."

"Umekula mbuzi."

Nikacheka, kicheko kibaya. "Nani alinilisha? Mbwa?"

"Mimi."

Cherehani ikasimama.

"Muthokoi wako niliupika kwa supu ya yule mbuzi," akasema. "Nilijua baba atakuletea kisu. Nilijua utakataa. Mama alishika bakuli nikimimina. Shahidi ni yeye."

Ndugu zangu, sijui niwaelezeeje.

Nilitazama mikono yake. Mikono ya yule yule aliyeniuliza habari za mwiko. 

"Kwenye chungu changu," nikasema.

"Kwenye chungu chako."

"Hoteli zote zilinidanganya, sikujali. Wale hawanijui. Wewe unanijua."

"Ndiyo maana nilijua cha kufanya."

"Ungeniambia."

"Ungekula?"

Nikaanza kufungua uzi kwenye cherehani.

"Basi," akasema. Alikuwa na hasira kama mimi, na hilo lilinikasirisha zaidi. "Wewe ungebaki na mdomo wako safi. Mimi ningepanda lori kwenda Malili. Ulisimama pale ukasema maneno mazuri kuhusu uongo. Yalikuwa mazuri kweli. Mimi ndiye ningeyalipia maisha yangu yote."

"Supu si nyama, si ndivyo wanavyosema kwenu?"

"Kwenye hoteli si nyama. Kwenye ntheo ni nyama. Mjomba wako alikunywa kikombe, baba akasema amemla. Aliyasema kwa mdomo wake, watu wote wakasikia. Hawezi kuwa na hesabu moja ya mjomba na nyingine yako."

 Nilikuwa nimesoma jioni baada ya jioni nipate kujua kujenga hoja, na hoja hii haikuwa na tundu.

"Mama atasema alichoona," akaendelea. "Lakini mke hawezi kuanza kumpinga mumewe. Lazima uanze wewe. Useme mwenyewe kwamba ulikula."

Hapo ndipo kisu kilipokuwa kwa kweli. Si pale Kanyangi, hapa. Kumpata, lazima nitangaze kwa jina langu kwamba nilikula nyama. Kila aliyenicheka angepata cha kucheka mpaka kaburini. Nikikaa kimya nabaki mtu wa msimamo, na Jumamosi Muthama anavua kofia, anamchukua Mbinya.

Mbinya hakungoja jibu. Alisema basi la kurudi linaondoka, akaenda.

Hemedi alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Alitoka na chai ya rangi, akaketi.

"Fundi, mtu akinilisha mimi nguruwe kwa siri, simsamehe."

"Hata akiwa anakupenda?"

"Hata hivyo." Akapuliza chai. "Lakini si mimi ninayempoteza huyu msichana."

Najua mnataka kujua kama nilimpata. Nilimpata. Muthoki, mama yake Mbinya, alisema alichoona mbele ya wazee, na mzee Ndululu akasimama akauliza kama yeye pia hakula. Mwangangi akawapokea wale mbuzi wawili. Tumezaa, tumezeeka. Na tangu siku ya kwanza ya ndoa, sufuria yangu naipika mwenyewe. Mandazi yangu nakanda mwenyewe. Mbinya anakaa mlangoni ananitazama, na hajawahi kuniuliza kwa nini.

Aliniokoa na akanidhulumu kwa bakuli moja. Nimejaribu kutenganisha hayo mawili, nimeshindwa.

Kwa hiyo ninyi vijana mnaosoma hapa, na ninyi wenye hoteli, na ninyi mashangazi mnaosema "ni supu tu": mtu akikwambia hali kitu, usimfichie ndani ya chakula chake. Kama unamchukia, mwambie aondoke. Kama unampenda, mwambie ukweli kabla hajashika kijiko, hata kama ukweli huo utawagharimu ndoa.

Ndivyo ninavyosema leo. Siku ile sikuwa na nafasi ya kusema hivyo.

Nilichukua karatasi kutoka kwa Hemedi. Niliandika kwa mwandiko wangu wa shule ya jioni, herufi zimesimama wima:

"Mzee Mwangangi. Mbuzi wa ntheo nilimla. Nilimla kama mjomba wangu Ndululu alivyomla, kwa supu, na wewe ulimkubalia. Aliyeona yumo nyumbani kwako, muulize. Sikumla kwa hiari yangu na sitamla mwingine. Ijumaa ninakuja na mbuzi wangu wawili na mjomba. Muthama asipoteze mafuta ya lori. Mimi, Kiilu Mbuvi, fundi."

Sentensi ile ya "Mbuzi wa ntheo nilimla" ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Niliiandika, nikaikata, nikaiandika tena.

Hemedi akanipa bahasha. "Lamba uifunge."

Nilikuwa nimesikia kwamba gundi huchemshwa kutoka kwenye kwato. Kama ni kweli au si kweli, sijui. Lakini kwa siku moja nilikuwa nimetosheka na wanyama waliofichwa.

"Tima," nikaita, "una uji uliobaki?"

Akaniletea kijiko cha uji baridi wa wimbi. Nikaupaka kwenye ukingo wa bahasha, nikakunja, nikaweka pasi ya makaa juu yake mpaka ikashika. Lori la Hemedi la chumvi na sukari lilikuwa tayari linanguruma, linaelekea Kanyangi.

Nikampa dereva bahasha mkononi, bado ina joto.