Nguo ya Karate Iliyotiwa Wanga

Nikipita kwa dobi na kusikia harufu ya wanga chini ya pasi, magoti yangu hukakamaa.

Mama alitaka nguo nyeupe isimame. Siku moja kabla ya mtihani wangu wa mkanda wa njano, alichovya nguo yangu ya karate katika uji mwepesi wa unga wa ngano, akaipiga pasi ya makaa hadi ikawa bati. Naapa ile suruali ilitembea yenyewe hadi mlangoni.

Ukumbini, kwa ngumi yangu ya kwanza mkono wa nguo ulilia pa! Mtaa mzima wa Buruburu ukasikia.

"Cheki huyo, ni moto!" wenzangu wakashangilia.

Kisha jasho likaanza. Wanga ukageuka gundi, suruali ikanigandama mapajani, na teke nililolenga kichwani likaishia gotini pa mpinzani.

Mwalimu akapapasa mkono wa nguo, akanusa vidole. "Hii ni karate ama chapati? Rudi mtihani ujao."

Nyumbani Mama alikuwa akinisubiri. "Haya, walisemaje?"

"Wamesema hakuna aliyekuwa na nguo nyeupe kama yangu."

Akaita majirani wawili, nikarudia mbele yao.